Kutoa pini ya baketi iliyoganda: jua kwanza imeshikwa wapi

Pini ya baketi ya ekskaveta au bakhoo hupita sehemu tatu: sikio moja la baketi (bamba lenye tundu la pini), ncha ya mkono yenye bushi (bomba fupi la chuma ambamo pini huzunguka), kisha sikio la pili. Grisi unayopampu huingia kwenye bushi tu. Masikioni haifiki, labda ile kidogo inayovuja kupitia oringi (pete ya mpira ya kuziba) iliyokufa. Ndiyo maana mashine inayopigwa grisi kila asubuhi inaweza kukuonyesha pini iliyogoma kabisa: katikati inateleza vizuri, ila masikioni maji yamekaa miaka, kutu imevimba na kujaza upenyo wote. Mafundi wengi hupasha moto ncha ya mkono kwa kuwa ndiyo kubwa na ndiyo yenye nipeli (kitundu cha kupampia grisi). Wanamaliza gesi, wanaua bushi nzima, na pini haijatikisika.

Kwa hiyo kabla ya nyundo kuna uchunguzi wa dakika kumi.

Angalia bolti inayozuia pini. Ikiwa nzima na baketi inakunja na kukunjua bila kelele wala kukwaruza, bushi haina tatizo. Kinachoshika kiko masikioni. Ikiwa bolti imekatika, na baketi ikichezeshwa pini inabaki imetulia pamoja na mkono huku baketi ikiizunguka, basi pini imelika na bushi hadi zikashikana, na sasa inatafuna masikio. Hii ya pili ni mbaya zaidi, maana masikio hayana bushi ya kubadilisha katika mashine nyingi. Yakipanuka ni kujaza kwa kuchomelea na kutoboa upya kwa mashine.

Ipo hali ya tatu, inayowapotezea watu muda kuliko zote: pini haijaganda, imebanwa na mzigo. Uzito wa mkono na bumu unaikandamiza, au baketi imekaa upande. Pini iliyobanwa hivyo haitoki hata ikiwa mpya na imepakwa grisi. Na ya nne: pini imelika kwenye bushi ikaacha ngazi, au kipande cha bolti iliyokatika kimetokeza nusu milimita tu ndani ya tundu. Dalili yake ni kwamba pini inazunguka ukiizungusha, lakini haisogei kwenda nje. Pini inayozunguka haijaganda. Weka gesi pembeni, tafuta kinachoizuia.

Kuandaa mashine

Laza baketi chini kwenye sehemu ngumu iliyo sawa, iegemezwe kwa magogo pande zote ili isibingirike pini ikitoka. Kama pini moja kati ya mbili inatoka bila shida, toa hiyo kwanza. Baketi ikiwa imeshikwa na pini moja tu unaweza kuitikisa, na kutikisa huko kunavunja kutu. Ila ujue kwamba kuanzia hapo iko huru kugeuka, kwa hiyo magogo yawe yameshakaa.

Zima injini. Washa switchi bila kuwasha injini, fungua kizuizi cha usalama, sogeza levers za kuongozea kila upande mara kadhaa ili presha ya haidroli iishe, kisha ondoa ufunguo na ukae nao wewe unayefanya kazi, si opareta.

Funika fimbo ya silinda ya baketi kwa blanketi la kuzuia moto au bati. Cheche moja ya kuchomelea ikitua kwenye kromu inaacha kidonda kitakachokata sili kila silinda inapofanya kazi. Sili za kawaida za mpira hazivumilii sana zaidi ya nyuzi 100 za Selisiasi, kwa hiyo pini iliyo karibu na silinda inapashwa kwa tahadhari, au silinda inatolewa kwanza.

Fungua nipeli zote za grisi kwenye kiungo unachoshughulikia. Hili halina mjadala. Grisi iliyofungiwa kwenye tundu ikipashwa moto hutengeneza gesi, na presha yake inaweza kufyatua nipeli au pini kama risasi. Pitisha waya kwenye tundu la nipeli uhakikishe liko wazi, maana mara nyingi limejaa grisi iliyokauka ikawa ngumu kama udongo.

Kama utachomelea, tenganisha betri, na waya wa ardhi ufungwe kwenye pini au sikio lenyewe, karibu na unapochomelea. Ukiufunga kwenye fremu, umeme utapita kwenye bushi, beringi na silinda ukitafuta njia ya kurudi.

Miwani ya kinga ivaliwe na kila aliye karibu, si anayepiga tu. Uso wa pini umefanywa mgumu sana kwa joto, na uso wa nyundo vilevile. Vikigongana moja kwa moja, chembe ya chuma huruka kwa kasi ya kutosha kuingia mwilini. Daima weka kati yao kipande cha chuma laini.

Kuondoa mzigo

Tazama mwanya kati ya pini na tundu la sikio. Mwanya ukionekana wote uko chini na juu hakuna, au kinyume chake, pini imebeba kitu. Opareta awashe injini, ainue au ashushe bumu kwa kiasi kidogo mno, akiongozwa na mtu mmoja tu wa kutoa ishara, huku wengine wamesogea. Jaribu kupenyeza kipande chembamba cha bati kuzunguka pini. Kinapoingia sawa pande zote, mzigo umetoka. Zima injini, toa presha tena, ndipo urudi karibu. Kidole hakiingizwi tunduni kupima kama matundu yamelingana, hata mara moja, hata injini ikiwa imezimwa.

Mabadiliko ya upana wa unywele yanatosha kugeuza pini iliyogoma siku nzima kuwa pini inayotoka kwa kupigwa mara tatu. Rudia zoezi hili mara kadhaa kabla ya kuamua kwamba ni kutu.

Vizuizi na kichwa cha pini

Bolti ya kuzuia kwa kawaida hupita kwenye kola ya sikio (pete nene inayozunguka tundu) na katikati ya pini, ikiwa na nati mbili zilizofungwa moja dhidi ya nyingine. Ikikatika, hukatika kwenye mpaka wa kola na pini: vipande viwili vinabaki kwenye kola, kimoja ndani ya pini. Pini ikishazunguka, matundu hayalingani tena na huwezi kuvisukuma vyote kwa mara moja. Zungusha pini hadi yalingane, au toboa vipande vya kwenye kola kwa biti ya drili. Usianze kupiga pini ikiwa na kipande kilichobaki, kwa sababu kitalima mfereji kwenye tundu kwa urefu wote.

Pini nyingine zina bamba lililochomelewa kichwani. Hizo hutoka upande wa bamba tu. Utashangaa ni ngapi zimepigwa kwa upande usiofaa hadi bamba likazama ndani ya sikio.

Kama kuna aliyekutangulia na nyundo, ncha ya pini itakuwa imechanua. Isage kwa grainda hadi kipenyo chake kirudi chini ya kipenyo cha pini, na uikate kingo kwa mshazari wa milimita 3 hadi 5. Ncha iliyochanua haitapita tunduni, na ukiilazimisha itachana kuta zake.

Sugua kutu iliyo wazi kwa brashi ya waya, kisha mimina mafuta ya kupenya kutoka pande zote mbili za kila sikio: nje, na kwenye mwanya kati ya sikio na mkono baada ya kutoa oringi. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa mafuta ya gia za otomatiki na asetoni unafanya kazi vizuri, ila unashika moto upesi na hujitenga, hivyo utikise kila unapomimina. Acha usiku kucha. Gonga kola kwa nyundo ndogo kila unapopita. Mtikisiko ndio unaoyavuta mafuta ndani. Kabla ya kuleta moto, futa mafuta yote. Na usisafishe kiungo kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini kisha ukapasha au ukachomelea: moto huigeuza kuwa fosijini, gesi ya sumu inayoweza kuua.

Moto

Lengo ni sikio lipanuke kabla pini haijapata joto. Chuma hutanuka kwa takriban sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Tundu la milimita 80 likipanda nyuzi 150 linaongezeka karibu milimita 0.14. Ni kidogo, lakini kinachoshika nacho ni kidogo. Faida hiyo inadumu dakika chache tu, kwa sababu joto linahamia kwenye pini nayo inatanuka pia. Hivyo unahitaji moto mkubwa kwa muda mfupi: ncha ya kupashia yenye matundu mengi, si ncha ya kukatia. Ya kukatia inachoma sehemu moja ikawa nyekundu huku upande wa pili ukiwa bado baridi.

Zungusha moto kwenye kola yote. Sugua sehemu ndogo iwe chuma cheupe ili uone rangi: ikigeuka njano ya majani makavu uko karibu nyuzi 220, bluu ni karibu 300. Bluu inatosha. Wekundu hauongezi faida, unapotosha sikio, na ukilimwagia maji likiwa jekundu linaweza kupasuka. Kama unataka kubakiza bushi, moto usiguse ncha ya mkono. Bushi iliyofanywa ngumu kwa joto huanza kupoteza ugumu wake kuanzia nyuzi 200 hivi.

Ncha kubwa inakunywa asetilini nyingi. Mtungi mmoja haupaswi kutoa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ujazo wake kwa saa, la sivyo unavuta asetoni kutoka ndani na moto unaweza kurudi kwenye mpira. Unganisha mitungi, au tumia propani. Na kwa kuwa kazi hii inafanywa na mikono iliyojaa grisi: grisi na oksijeni yenye presha hulipuka. Anayefungua vali za oksijeni awe na glavu safi, asiwe aliyekuwa akitoa nipeli.

Sikio likiwa linapoa, si likiwa kwenye kilele cha joto, gusisha mshumaa au nta ya parafini kwenye ukingo wa pini. Inayeyuka na kunyonywa ndani kuliko mafuta yoyote, ambayo kwenye joto hilo yangeungua. Piga duru mbili au tatu za kupasha na kupoa. Mara nyingi kutanuka na kusinyaa huko ndiko kunakovunja kutu, zaidi ya joto lenyewe.

Nguvu

Nyundo inashindwa kwa sababu moja inayosahaulika: sikio linapinda kama springi na kumeza pigo. Ukipiga kutoka kushoto na pini imeshika sikio la kushoto, sikio linavutwa kuelekea mkono. Jaza mwanya huo kwa shimu au vipande vya bamba hadi visiweze kuingia tena, kisha upige. Tofauti utaisikia kwa sauti; pigo linalofika lina mlio mkavu, linalomezwa hubweka kizito. Ikiwa pini imeshika sikio la kulia, sikio hilo linasukumwa nje, na hapo linahitaji kuegemezwa kutoka nje.

Badala ya kuwachosha watu kwa nyundo, ning'iniza gogo la chuma. Chuma duara cha milimita 100 chenye urefu wa mita 1 kina uzito wa kilo 62 hivi. Kifungwe kwa mikanda miwili ili kikae sawa, kininginie kwenye cheni bloki kwa kimo cha pini, watu wawili wakivute nyuma kwa kamba na kukiachia. Kati yake na pini weka kipande cha chuma laini chenye kipenyo kidogo kuliko pini kwa milimita 2 hadi 3, ambacho kitaifuata ndani ya tundu. Kusukuma pini kwa baketi ya mashine nyingine ni njia ya mkato inayopendwa sana, na ndiyo inayopinda masikio kuliko zote.

Njia iliyo bora ni jeki ya haidroli yenye tundu katikati, ya tani 60 au 100, ikivuta badala ya kupiga:

1. Kama pini ina tundu la skurubu mwishoni, lisafishe. Kama haina, toboa na utie skurubu za M30 (kipenyo cha milimita 30) kwa kina cha angalau milimita 45. Ugumu wa pini uko kwenye ngozi ya milimita chache, kiini hutoboleka.
2. Weka bomba nene linalozunguka pini na kuegemea kola ya sikio, refu kuliko umbali unaotaka kuvuta kwa mara moja.
3. Juu ya bomba weka bamba la milimita 40 au zaidi lenye tundu, kisha jeki, kisha washa (pete bapa ya chuma) nene na nati kwenye fimbo ya skurubu.
4. Vuta hadi fimbo ikaze, hakikisha kila kitu kimenyooka, ndipo uongeze.
5. Ikifika mzigo wa juu bila kusogea, iache imekazwa, pasha kola kwa moto, na mtu agonge pembeni mwa kola, si kwenye pini wala fimbo.

Hatua ya tano ndiyo kazi yenyewe. Kuvuta, moto na mtikisiko kwa wakati mmoja hutoa pini ambazo kila kimoja peke yake kimeshindwa.

Kikomo chako ni fimbo, si jeki. Fimbo ya M24 ya daraja la uimara 8.8 inahimili karibu tani 21 kabla ya kuanza kurefuka; M30 ni tani 34; M36 ni tani 50. M30 ya daraja 10.9 inafika tani 47. Jeki ya tani 60 inazidi kikomo cha yoyote kati ya hizo bila shida, kwa hiyo gauji ya presha ni lazima na asisimame mtu kwenye mstari wa fimbo, mbele wala nyuma. Pini ikiachia, hutoka kwa mlipuko mfupi. Usiache jeki imekazwa bila mtu wa kuiangalia.

Pini inayotoka nayo ina uzito. Ya milimita 80 yenye urefu wa milimita 500 ni kilo 20. Ya milimita 100 kwa 700 ni kilo 43. Iandalie gogo chini kabla ya sentimita za mwisho.

Ukiona haivutiki, jaribu kuizungusha. Chomelea bamba nene lenye urefu wa mita moja kwenye uso wa pini, ukiwa umepasha pini kwanza hadi nyuzi 200 au 300 na kutumia fimbo kavu za kuchomelea za 7018, maana chuma cha pini hupasua mchomelo uliofanywa baridi. Fungia cheni bloki mwishoni mwa bamba na uvute huku na huku. Robo ya duara tu ikipatikana, vita imekwisha.

Kukata

Kama pini na bushi zimelikana hadi zikawa kitu kimoja, acha kuvuta. Kata pini kwenye mianya yote miwili kati ya masikio na mkono, utoe baketi, kisha shughulikia vipande kila kimoja peke yake. Mwanya ukiwa chini ya milimita 10, sukuma baketi yote upande mmoja upate nafasi upande huo, kata, kisha sukuma upande wa pili. Msumeno wa umeme wenye meno ya kabaidi unakata taratibu bila kuharibu kitu. Tochi ya gesi ina haraka, lakini inalamba uso wa sikio na wa bushi; iegemee upande wa kitu utakachokibadilisha.

Kipande kilichobaki kwenye bushi kisitolewe peke yake. Sukuma bushi na kipande vyote kwa pamoja kwa jeki au presi, kwa kuwa bushi inabadilishwa hata hivyo. Bushi tupu iliyokataa kutoka huchomelewa mistari miwili au mitatu ndani, kwa urefu wake. Mchomelo ukipoa unainyonya na kuilegeza.

Vipande vya kwenye masikio hutobolewa katikati kwa drili ya sumaku, tundu la milimita 30 au 40. Pini iliyo na tundu ikipashwa ndani hadi nyekundu na kuachwa ipoe yenyewe, husinyaa ikawa ndogo kuliko ilivyokuwa, na mara nyingi huanguka kwa kugongwa.

Kurudisha

Sugua matundu kwa gurudumu la msasa hadi chuma kionekane, na upime kipenyo chake mahali pawili kwa kila tundu, wima na mlalo. Tundu lililokuwa yai litakula pini mpya.

Masikioni paka grisi yenye madini ya shaba au ya molibdenamu ya kuzuia kushikana, kwa unene unaoonekana. Weka oringi mpya na shimu za kutosha. Nati mbili za bolti ya kuzuia zifungwe moja dhidi ya nyingine huku bolti ikiwa na mchezo kidogo, isikaze kola. Bolti iliyokazwa sana ndiyo inayokatika.

Pampu grisi ya litiamu namba 2 yenye molibdenamu ya asilimia 3 hadi 5 hadi itokeze safi pande zote mbili za bushi. Pampu baketi ikiwa imekaa chini, kisha tena ikiwa imening'inia, kwa sababu upande uliobeba mzigo haupokei grisi. Kwenye maji na tope fanya hivyo kila baada ya saa 10 za kazi, na kila baketi inapobadilishwa, toa pini, futa masikio, paka upya.